Mkienda Nyarugusu: Kibali Kwanza, Dagaa Kabla ya Maharage

Kwaya au umoja wa vijana ukipanga safari ya huduma Nyarugusu, kikao cha kwanza huwa cha fulana na sare. Fulana zisubiri. Kambi hii ya wakimbizi ya Kasulu, mkoani Kigoma, ilianza kupokea Wakongo 1996 na Warundi wengi 2015, na haiingiwi kama kijiji cha jirani. Andikeni barua Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, idara inayoshughulikia wakimbizi, miezi miwili kabla ya safari. Orodhesheni humo wasafiri kwa majina yaleyale ya kwenye kitambulisho cha NIDA, namba za magari, siku ya kuingia na ya kutoka, na mizigo kwa kilo. "Mama Neema" kwenye orodha na "Anastazia" kwenye kitambulisho ni mtu mmoja kwenu. Getini ni wawili. Malazi tafuteni Kasulu mjini.

Sasa mizigo. Gunia la maharage hupendeza likipigwa picha, lakini maharage makavu hula kuni kwa saa nyingi, na kuni ndizo taabu ya kambi: wanawake huzifuata mbali, na huko porini wamekuwa wakishambuliwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huiva upesi. Kilo moja ya dagaa wakavu, chumvi pakiti moja na mafuta lita moja kwa kaya ni zawadi ndogo inayopikika jioni ileile. Dagaa nunueni mapema: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na hicho ndicho kiangazi ambacho vikundi vingi hupendelea kusafiri.

Sabuni ipigiwe hesabu, isikadiriwe kwa macho. Kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, ni gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Kaya ya watu saba ni kilo 3.15, kaya 40 ni kilo 126. Miche ya sabuni ikateni na kuifunga mkiwa mjini, maana kukata mbele ya foleni huleta maneno kwamba fulani kapewa kipande kikubwa. Daftari na kalamu zinafaa, vitabu vya kiada vya Tanzania havifai: watoto wa kambini husoma mitaala ya kwao, ya Kongo au ya Burundi.

Mkitaka kuwasaidia yatima, wengi hamtawakuta kwenye jengo moja lenye bango. Wako kwa shangazi, kwa bibi, au kwenye familia za walezi. Ukimpa yatima peke yake viatu vipya ndani ya nyumba ya watoto saba, umemwachia ugomvi wa usiku. Zawadi iende kwa kaya, akabidhiwe mlezi. Msiwapange watoto mstari kwa ajili ya picha, wala msiwaulize wazazi wao walikufaje.

Orodha ya kaya itoke kwa viongozi wa vijiji vya kambi pamoja na wachungaji wa hukohuko, na idadi yake ilingane na mizigo. Msitangaze madhabahuni. Tangazo la ibadani huleta watu 400 kwenye mizigo ya 40, na wa kwanza kukanyagwa ni wajane na watoto. Iteni kaya kumi kumi, kwa kadi zenye namba.

Kuhusu mahubiri: makanisa yamejaa kambini, na kwaya za Wakongo zinaweza kuwafunika ninyi wageni. Ombeni nafasi, msijipe. Kiswahili chao mtakielewa, ingawa ugali kwao ni bugali. Kwa wazee wa Kirundi tafuteni mkalimani. Msihubiri juu ya kurudi Burundi au kubaki. Tangu 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao, na neno la mgeni juu ya hilo husikika kama agizo la serikali. Vilevile msiahidi Marekani. Kuhamishiwa nchi ya tatu hupitia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na hakulipiwi. Mtu akiwaomba mbebe barua, pesa au nakala za fomu zake, mwelekezeni ofisi ya UNHCR iliyomo kambini.

Sabuni ikibaki, muachieni mwenyekiti wa kijiji mbele ya mchungaji, kwa maandishi yenye idadi na sahihi tatu.