Ndege ndogo na viwanja vya changarawe: maswali yenu

Ndege ya injini moja iliondoka mchana, ikainuka kidogo, kisha ikatua vichakani mbele ya uwanja. Injini ilikuwa ikinguruma hadi mwisho. Iliangushwa na nini? (Msomaji, Kiunga)

Injini nzima haitoshi. Ndege ikiwa chini kuliko urefu wa mabawa yake, kama mita 11 kwa Cessna 172, ukaribu wa ardhi hupunguza ukinzani wa hewa. Basi huweza kuelea kwa mwendo ambao hauwezi kuipandisha. Rubani akivuta usukani kwa pupa, ndege hutoka kwenye msaada huo, mwendo hufa, nayo hurudi chini. Inatakiwa aiache iende chini chini, sambamba na ardhi, mpaka ipate mwendo wa kupanda.

Uamuzi wenyewe hufanywa mapema zaidi. Ikifika nusu ya uwanja bila kupata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, akate nguvu, afunge breki.

Sisi tuko usawa wa bahari. Hewa nyepesi si shida ya Nairobi? (Malindi)

Ni yenu pia, kwa sababu ya joto. Hesabu za msingi za ndege huanzia nyuzi 15. Kukiwa na nyuzi 33, injini na mabawa hufanya kazi kama vile uwanja uko mita 650 juu ya bahari.

Chukua ndege inayohitaji mita 500 kuruka na kuvuka kizuizi cha mita 15. Joto hilo huongeza kama asilimia 18: mita 590. Ardhi ikilainika kwa mvua, ongeza asilimia 25 au zaidi: mita 737. Upepo wa nyuma wenye sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kunyanyukia, yaani kama kilomita 10 kwa saa, huongeza 20: mita 885. Upepo huo ni neema ya nahodha wa jahazi na balaa ya rubani. Kisha zidisha kwa 1.33 kwa usalama, upate karibu mita 1,180. Wengi hukosea kwa kujumlisha asilimia hizi; huzidishwa.

Rubani alinipima mimi, mzigo, hata mkoba. Madaha hayo? (Mokowe)

La. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, safari ya kunyanyuka hurefuka kwa 20. Na gunia la maembe likiwekwa nyuma kabisa, pua huinuka yenyewe. Mwambie kilo zako za kweli.

Mbona hawatii nguvu zote wakiwa wamesimama? (Lamu)

Rafadha, yaani panga linalozunguka puani mwa ndege, hunyonya changarawe na kujitoboa kingo. Kovu dogo huweza kuzaa ufa. Ndege huanza kutembea kwanza, nguvu zikaongezwa taratibu, usukani ukivutwa kidogo kulipunguzia gurudumu la mbele uzito.

Ikianguka karibu nasi, tufanye nini? (Faza)

Zimeni sigara. Kwenye nyingi za ndege hizi mafuta yako mabawani, juu ya vichwa vya abiria. Msiguse rafadha hata ikiwa imesimama: ikizungushwa kwa mkono, injini yaweza kuwaka. Toeni watu, anayejua swichi kuu na valvu ya mafuta azifunge. Vipande vingine viacheni vilipo hadi wachunguzi wa ajali za ndege wafike, maana hata alama za magurudumu kwenye changarawe huonyesha breki zilifungwa wapi.