Kostiki Haipimwi kwa Kikombe

Mama, habari ya siku nyingi. Mimi natengeneza sabuni ya miche hapa Obunga, Kisumu. Mafuta ya ng'ombe nachukua kwa mabucha, nayayeyusha mwenyewe, na Jumapili nauza soko la Kibuye. Mzigo wa mwisho umenitesa. Sabuni imetoa unga mweupe na wateja wanalalamika inawachoma mikono. Jirani ameniambia nizidishe maji. Mafuta napima kwa gorogoro, kostiki (ile caustic soda ya kugeuza mafuta kuwa sabuni) kwa kikombe. Nifanye nini?

Dada yangu, kwanza toa huo mzigo sokoni, hata kama umeshaukata vipande. Mama anayefua nguo za watu ana mikono hiyo tu ya kumlisha, usimchome.

Na ya jirani achana nayo. Maji hayaondoi kostiki iliyozidi. Sabuni ikikauka, maji yanakwenda zake na kostiki inabaki palepale ilipokuwa.

Sasa tuutazame huo unga. Kama ni utando mwembamba wa juu tu, ukiukwangua kwa kisu ndani ni safi, hiyo ni kostiki ya juu iliyokutana na hewa ikageuka magadi. Haina madhara makubwa, ifute. Lakini ukikata mche katikati ukakuta madoa meupe au vijishimo vyenye majimaji, hapo kostiki imezidi. Kwa vile mikono inachoma, naamini yako ni hii ya pili.

Chanzo ni kikombe. Kostiki ya vipande bapa na ile ya punje hazijazi kikombe sawasawa, kwa hiyo ukibadilisha duka tu kipimo chako kimeharibika. Tena ukiacha mfuko wazi, kostiki inavuta unyevu na hewa, inapungua nguvu huku uzito ukiongezeka. Leo utapata sabuni ya mafuta, kesho ya kuchoma, na wewe unaona umepima vilevile.

Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilieleza jambo hili katika kitabu alichotoa mwaka 1823: mafuta ni asidi zilizoshikana na gliserini, na kazi ya kostiki ni kuziachanisha na kuzichukua hizo asidi. Asidi zikiisha, kostiki iliyobaki haina la kushika isipokuwa ngozi ya mteja wako.

Kwa hiyo nunua mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Usianze na kalibu nzuri wala manukato, anza na mizani. Kilo 1 ya mafuta ya ng'ombe inataka kostiki kama gramu 140. Mimi napunguza kidogo ili mafuta yabaki kiasi, naweka gramu 133. Mafuta ya mawese hayako mbali na hapo, naweka 134. Ya alizeti 127. Ya nazi yanakula kostiki nyingi, 174 kwa kilo. Unaona ukibadilisha mafuta bila kubadilisha kostiki unavyojitafutia matatizo? Maji kwa zile gramu 133 yawe kama gramu 300, nayo yapime kwa mizani hiyohiyo.

Hujaniambia unachanganyia wapi. Kama ni kwenye sufuria zetu za kawaida, acha leo. Sufuria hizo ni alumini, na kostiki inaila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki ngumu. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, ukiwa nje penye upepo, na miwani na glavu umevaa. Usimimine maji juu ya kostiki kamwe, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Acha mchanganyiko upoe, ndipo uutie kwenye mafuta yaliyoyeyuka na ya uvuguvugu. Koroga mpaka uwe kama uji mzito wa wimbi: ukiinua mwiko, tone linaacha alama juu kabla ya kuzama.

Ule mzigo ulioharibika usiutupe. Ukwangue, uweke kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu na maji kidogo, moto wa chini. Ukishalainika ongeza mafuta ya ng'ombe, gramu 30 kwa kila kilo ya sabuni, upike huku ukikoroga, kisha upime kwa karatasi za pH, zile zinazoonyesha ukali wa kostiki. Sabuni nzuri husoma 9 au 10. Ikipita hapo, ongeza mafuta tena. Itakuwa na sura mbaya, lakini itafua.

Halafu kuna subira, na hapa ndipo wengi wa Kibuye wanaponiudhi. Mche uliokatwa juzi ni mzito kwa sababu umejaa maji. Anayenunua kwa kilo ananunua maji, na ukifika kwenye karai unayeyuka mara moja. Panga miche yako penye hewa, ipeane nafasi, wiki nne hadi sita, ndipo upime na kupanga bei. Kilo zitapungua, na bei ya kila kilo itabidi ipande. Mweleze mteja sababu, mpe kipande akajaribu. Anayefua kila siku ataona tofauti kabla hajamaliza kipande hicho.

Mama, nyanya yangu hapa Kakamega huchuja majivu ya maganda ya maharagwe, ile musherekha ya kupikia mboga ya mrenda. Naweza kuitumia badala ya kostiki ya duka?

Kutengeneza mche mgumu, hapana. Kostiki ya duka ni ya sodiamu. Majivu ya mimea yana potasiamu zaidi kuliko sodiamu, na sabuni ya potasiamu hubaki laini kama mafuta ya kujipaka. Pia musherekha ni kaboneti, jamii ya magadi, haina nguvu ya kutosha kuvunja mafuta. Zamani watu wa nchi nyingi waliyachemsha maji ya majivu na chokaa iliyozimwa ili yapate ukali, chokaa ikatulia chini na maji makali yakachujwa. Inawezekana, lakini kila majivu yana nguvu yake na hutaweza kupiga hesabu ya gramu. Mwachie nyanya musherekha yake, mrenda unaihitaji zaidi.

Mama, natengeneza sabuni ya maji Njoro, Nakuru, kwa ungarol (ile kemikali nzito ya kutoa povu) na chumvi. Ilikuwa nzito vizuri, nikaongeza chumvi iwe nzito zaidi, ikawa kama maji. Nimeuziwa ungarol mbaya?

Ungarol yako haina kosa, kijana wangu. Chumvi huipa uzito mpaka kiwango fulani, ukikivuka inaanza kuushusha. Chumvi haitoki tena. Tengeneza ungarol nyingine na maji bila chumvi yoyote, uimimine kidogo kidogo kwenye ile iliyoharibika, utauona uzito ukirudi. Siku nyingine yeyusha chumvi kwenye maji kwanza, tia kijiko kwa kijiko, na uiache pale inapokuwa nzito. Usitamani zaidi. Na kabla ya kupeleka dukani, ulizia ofisi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kuhusu kibali cha alama ya ubora. Maduka makubwa watakuuliza hiyo kabla ya kunusa manukato yako.

Mama, nauza kostiki ya rejareja Kondele, Kisumu. Wateja huja na chupa za soda niwapimie iliyokwisha kuyeyushwa. Kuna ubaya?

Upo, mkubwa. Kostiki kwenye maji haina rangi, na mtoto akiona chupa ya soda anajua ni ya kunywa. Inachoma koo na umio kwa muda mfupi sana, na makovu yake yanaweza kumzuia kumeza chakula maisha yake yote. Kataa chupa hizo, hata mteja akienda kwa jirani. Uza ikiwa kavu, kwenye mkebe wa plastiki wenye mfuniko mgumu, ulioandikwa SUMU kwa herufi kubwa.

Na waambie wote: mtoto akiinywa, asitapishwe, wala asipewe ndimu au siki. Asuuzwe mdomo kwa maji na akimbizwe hospitali na chupa yenyewe ikiwa mkononi. Kwetu Kisumu ni hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia. Ikimwagikia ngozi au jicho, maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kuacha, na nguo iliyolowa ivuliwe papo hapo.