Nani Anakula Chaji ya Kishikwambi Chako?

Swali la 61 kati ya maswali 84. Hapo ndipo kishikwambi kiliponizimikia, nimekaa kwenye kigoda ndani ya nyumba ya shosho mmoja kule Dandora. Nilikuwa nimemuuliza mtungi wa maji wa lita 20 ananunua shilingi ngapi. Akajibu, nikabonyeza, skrini ikawa nyeusi. Nikabonyeza tena, kimya. Shosho akanitazama, akakitazama na kile kidude mkononi mwangu, akasema, "Haya, kijana wangu, naona kimechoka kabla yangu."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana, na nyumba tano zilikuwa bado zinanisubiri.

Kazi yangu ni kuzunguka mitaa ya Nairobi nikiuliza watu maswali ya utafiti. Zamani kazi hii ilikuwa ya karatasi na kalamu. Mambo yalibadilika sana baada ya sensa ya 2019, ya kwanza Kenya kufanywa kwa vishikwambi. Mtaani tunakiita tabu, na siku ile jina lilikifaa. Kalamu ikiisha wino unaazima nyingine kwa jirani. Betri ikiisha, unaomba msamaha na kwenda zako.

Usiku huo nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: nilibadilisha vitu kumi kwa mpigo. Nikawasha Kiokoa Betri, nikageuza rangi zote kuwa nyeusi, nikazima Bluetooth, nikafuta programu ambazo hata sikujua kazi yake, nikapakua programu nyingine iliyojisifu kwamba "inaongeza maisha ya betri". Kesho yake chaji ilidumu kidogo zaidi, lakini sikujua ni lipi kati ya hayo kumi lililosaidia, na mawili kati yake yaliniharibia kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka unaweza kuishia hapa: usiguse kitu chochote kabla hujajua nani anakula. Fungua Mipangilio, ingia Betri, tazama matumizi. Majina hutofautiana kidogo kutoka kifaa hadi kifaa, na katika vingine skrini imewekwa kwenye orodha ya mfumo, mbali na orodha ya programu, kwa hiyo bonyeza huku na huku mpaka uione. Tazama jioni, baada ya siku nzima ya kazi. Asubuhi orodha hiyo haina la kukuambia.

Yangu ilinishangaza. Nilidhani dodoso la utafiti ndilo linalonimaliza, kumbe lilikuwa mbali chini. Juu kabisa ilikuwa skrini, karibu nusu ya chaji yote. Ya pili ilikuwa mtandao wa simu. Ya tatu, usicheke, ilikuwa ile programu ya kuongeza maisha ya betri.

Niseme kuhusu hiyo kisha niiache. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, mfumo wenyewe huzilaza programu kifaa kikiwa kimetulia, na tangu Android 9 ya 2018 hujifunza zipi unazitumia na zipi hugusi, kisha huzibana zile za pili. Programu inayozunguka ikiwafukuza wenzake huwafanya waamke upya kila mara, na kuamka upya kuna gharama kubwa kuliko kusinzia. Hata ile tabia yetu ya kufunga programu zote kwa kutelezesha kidole kila dakika tano haina faida hiyo tunayoidhani. Ile programu nimeiondoa, na sijaikumbuka.

Sasa tuje kwa skrini. Betri ya kishikwambi changu imeandikwa 5,100 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Ukizidisha na volti zake 3.85 unapata karibu wati-saa 20. Kifaa kikila wati 4, una saa tano hivi. Ukikishusha hadi wati 2.5, una karibu saa nane. Tofauti hiyo ndiyo nyumba zangu tano za Dandora, na sehemu kubwa ya wati hizo ni taa iliyo nyuma ya kioo.

Shida ni kwamba mwangaza unaojirekebisha, ambao ndani ya nyumba ni mzuri kabisa, ukitoka nje juani unapanda hadi mwisho. Mimi hutembea kutoka mlango hadi mlango nikiwa nimekishika mkononi, skrini inawaka bila anayeitazama. Nilichofanya ni kuuzima huo mwangaza wa kujirekebisha wakati wa kazi, nikauweka asilimia 40, na nikajizoesha kusimama kivulini, mgongo kwenye ukuta, kabla ya kufungua swali la kwanza. Inaonekana kama ushamba kuhama hatua tatu kufuata kivuli cha kibanda cha mboga. Lakini ndiyo badiliko lililonipa muda mwingi kuliko mengine yote, na halimo kwenye mipangilio yoyote.

Muda wa skrini kujizima nilikuwa nimeuweka dakika kumi, kwa sababu mhojiwa akianza kueleza habari za mtoto wake aliyeko Mombasa, hutaki kuandika nambari ya siri upya kila mara. Niliushusha hadi sekunde 30, nikajuta siku hiyo hiyo. Mama mmoja Kayole aliniuliza kama kifaa changu kina usingizi. Sasa ni dakika mbili, na nikitoka nyumba moja kwenda nyingine nabonyeza kitufe cha pembeni kuizima mwenyewe.

Na zile rangi nyeusi? Zinasaidia kwenye skrini za OLED, ambako kila nukta hujiwakia yenyewe na nukta nyeusi huwa imezimwa. Vishikwambi vingi vya bei ya kawaida, changu kikiwemo, ni LCD: taa ya nyuma inawaka ile ile, iwe rangi nyeupe au nyeusi. Sikupata kitu ila kushindwa kusoma maswali juani, na kushindwa kusoma kulinifanya niongeze mwangaza. Hapo niliila betri kwa jina la kuiokoa.

Mtandao nao una hila zake, na hili la mtandao sikuliamini mpaka nilipolipima. Nilinunua daftari dogo, nikawa naandika asilimia kila baada ya saa mbili. Siku ya kawaida ilisomeka hivi: saa moja asubuhi 100, saa tatu 81, saa tano 55, saa saba 27. Siku niliyokuwa ndani ya magorofa ya mawe yaliyobanana kule Pipeline, ambako ukiwa kwenye ngazi za ndani hata simu hupiga kwa shida, ilishuka kwa kasi zaidi, ingawa skrini nilikuwa nimekwisha kuitengeneza. Sababu ni kwamba mawimbi yakiwa hafifu, kifaa huongeza nguvu ya kurusha ili kiufikie mnara, na kikiupoteza hutafuta tena na tena. Ni kama mtu anayepiga kelele siku nzima kumwita jirani asiyesikia. Anachoka yeye.

Dodoso letu hufanya kazi bila intaneti na huhifadhi majibu mpaka utakapoyatuma. Basi siku hizi nikiingia kwenye majengo ya aina hiyo naweka hali ya ndegeni. GPS, kwenye kifaa changu na kwenye vingine vingi, inaendelea kufanya kazi humo, kwa kuwa inapokea tu kutoka kwenye setilaiti, hairushi kitu. Itachelewa kidogo kupata mahali mara ya kwanza, kwa hiyo chukua alama ya mahali ukiwa nje, mbingu inaonekana, kabla hujapanda ngazi. Saa ya chakula nikikaa kwenye kibanda kula chapo madondo nafungua mtandao, natuma kila kitu kwa pamoja, kisha nafunga. Dakika kumi za mtandao mzuri hula kidogo kuliko saa tano za kutafutatafuta.

Kama kishikwambi chako hakina laini na unakishirikisha na simu kwa waifai, hiyo ni nafuu kwa kishikwambi, lakini jua kwamba mzigo umeuhamishia simu. Usishangae simu ikizima saa tisa na nauli ya matatu iko ndani ya M-Pesa.

Sasa yale mawili yaliyoniharibia kazi. La kwanza nimeshalisema, hizo rangi. La pili ni Kiokoa Betri, niliyoiacha ikiwaka kutwa nzima. Chaji ilidumu, siwezi kudanganya. Jioni ya siku ya pili msimamizi akanipigia.

"Ndugu yangu, uko kazini kweli? Huku naona nyumba mbili."

"Nimefanya kumi na saba, mkubwa."

"Ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya kishikwambi, zimelala. Kiokoa Betri huzuia programu kufanya kazi chinichini, ikiwemo kutuma data usipoifungua programu mwenyewe. Kwenye vifaa vingi pia huzima huduma ya mahali skrini ikizimika. Kama wewe ni wa bodaboda na unategemea ramani ikufuatilie, hilo litakuumiza. Sisemi usiitumie. Mimi nimeipanga ijiwashe chaji ikifika asilimia 20, na ile programu moja ya kazi nimeiruhusu kwenye mipangilio yake ya betri itumie chaji bila vizuizi. Moja tu. Ukianza kuruhusu tano, umerudi ulikotoka.

Wenye iPad mna jambo kama hilo hilo: hali ya nishati kidogo iliingia na iPadOS 15 mwaka 2021. Dada yangu anayo, ameizima kwa programu nyingi ruhusa ya kujisasisha chinichini, na amenyamaza. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, hicho si kifaa changu.

Kuna jambo ambalo mipangilio haiwezi kulitibu, nalo ni kuondoka nyumbani bila chaji huku ukidhani unayo. Asubuhi kadhaa nilikuta asilimia 60 na kitu ilhali nilichomeka usiku kucha. Nikalaumu stima, kwa sababu Nairobi stima hulaumiwa kwanza, na tangu ule usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia gizani kila mmoja wetu ana kisa chake. Lakini usiku wa kuamkia asubuhi hizo taa hazikuwa zimepotea.

Nikakipeleka kwa fundi mmoja Luthuli Avenue nikiwa nimejiandaa kuambiwa betri imekufa. Hakukifungua. Alichukua kidude kidogo chenye kioo, ukubwa wa kiberiti, akakichomeka kati ya chaja yangu na waya wangu. Kikasoma ampea 0.42. Akaung'oa waya wangu, akaweka wake mnene mweusi, chaja ile ile. Kikapanda mpaka 1.78.

"Bosi, huu waya umenunua wapi?"

Nikamwambia: kituo cha matatu, shilingi 100.

"Basi umenunua kamba."

Hesabu yake ni rahisi. Ampea 0.42 kwa volti 5 ni kama wati 2. Betri ya wati-saa 20 inahitaji zaidi ya saa tisa za hivyo, na nyingine hupotea njiani kama joto. Mimi hulala kwa muda wa saa sita tu. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya kuchajia kwenye kompyuta ya saiba kusifike popote: tundu la USB la kawaida la zamani hutoa nusu ampea tu. Tumia chaja ya wati 10 au zaidi, na waya ambao si kamba. Na kama mgongo wa kishikwambi umeanza kuvimba au kioo kinajiinua pembeni, achana na habari za waya na mipangilio. Kizime, usikichaji tena, kipeleke kwa fundi.

Joto nalo huizeesha betri polepole. Nairobi hatuko pabaya, hewa yetu ni ya wastani, lakini kishikwambi kilichoachwa juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana hakijui kwamba kiko Nairobi. Na kuchaji kikiwa ndani ya kasha nene la ngozi, chini ya mto, kitandani, hilo tuliache.

Daftari langu la wiki iliyopita: saa moja 100, saa tano 74, saa tisa 45, saa kumi na moja jioni nikiwa ndani ya matatu, 33. Kwa shosho nilirudi siku tatu baada ya kile kisa, nikaanzia swali la 61. Aliniwekea chai, akauliza kama leo kimekula. Nikamwonyesha asilimia. Bei ya mtungi wa maji ilikuwa imepanda kwa shilingi tano, kwa hiyo ilibidi nibadilishe na lile jibu la kwanza.

Pawabanki bado naibeba. Ile ya 10,000 mAh usidhani itakijaza kifaa cha 5,100 mara mbili; sehemu hupotea katika kubadilisha volti, na yangu hukijaza mara moja na kitu kidogo hivi. Iko chini kabisa ya mkoba, karibu na mwavuli, na wiki hii nzima sijaitoa.