Wasomaji Wanauliza: Kuoka nyumbani na kuuza, kibali kinaanzia wapi?

Assalamu alaykum. Naoka skonzi, mkate wa mayai na vileja jikoni kwangu Fuoni, Unguja. Sasa kuna duka Mwanakwerekwe linataka paketi 40 kila siku, lakini mwenyewe anataka kuona kibali. Kila ninayemuuliza ananitajia ofisi yake. Nianze na ipi?
*Mama wa wanne, Fuoni*

Waalaykumu salaam, bibie. Anza na chumba chako kabla ya ofisi yoyote. Kibali cha chakula hakimfuati mtu, kinafuata mahali na bidhaa. Ukisajiliwa kuoka Fuoni kisha ukahamia Tomondo, utakaguliwa upya. Ukisajili vileja kisha ukaongeza keki ya krimu, hiyo keki ni bidhaa nyengine. Wengi wanaopoteza fedha ni wale waliochapisha lebo elfu moja na kununua oveni kubwa kabla hawajajua kama pale walipo panafaa.

Kwa hiyo kwanza mahali. Kama mmepanga, pata ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kama nyumba ni yenu, itoeni hati ya matumizi ya ardhi muisome. Kiwanja kilichopimwa kwa makaazi kina masharti yake, na kugeuza sehemu yake kuwa ya biashara kunataka ruhusa. Fuoni iko chini ya Baraza la Manispaa Magharibi B, waulizeni mapema. Mambo ya kujibu ni haya: moshi unaelekea kwa nani, maji machafu yanaishia wapi, na gari la kuchukua mzigo litasimama wapi. Oveni ya gesi inayotoa paketi 40 haimkeri mtu. Joko la kuni linalowashwa saa tisa ya usiku ukutani kwa jirani ni habari nyengine, na jirani akishafika kwa sheha jambo dogo huwa kubwa. Barua ya sheha mtaihitaji hata hivyo, basi nendeni kwake mapema na kwa uwazi.

Pili, chumba chenyewe. Usalama wa chakula Zanzibar uko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, kwa Sheria Namba 2 ya 2006. (Kule Tanzania Bara kazi hiyo ilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, ndiyo maana maelezo ya jamaa wa Dar es Salaam yanawachanganya watu huku.) Tenga chumba cha kuokea peke yake, kisiwe kile mnachokaangia samaki wa mchana. Sakafu na kuta ziwe za kuosheka, taili au rangi ya mafuta hadi kimo cha mtu. Dari isidondoshe vumbi. Madirisha yawekewe wavu. Mlango wa choo usifungukie chumba cha kazi. Beseni la kunawia mikono liwe mbali na la kuoshea vyombo, na sabuni iwepo wakati wote, si siku ya ukaguzi tu. Polo la unga likae juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, na liachane na ukuta ili muweze kufagia nyuma yake na kuona alama za panya.

Linaloangusha wengi ni njia ya kazi. Simama mlangoni ufuate safari ya yai: linaingia, linavunjwa, linapigwa, linakwenda motoni, linatoka mkate. Mkate uliopoa ukipita tena kwenye meza ile ile lilipovunjiwa yai bichi, una tatizo ambalo hakuna taili itakayolificha. Weka meza mbili, moja ya mbichi na moja ya kufungia. Chumba kikiwa kidogo, gawa kwa saa: oka asubuhi, osha meza kwa maji moto na sabuni, ikauke, kisha ndipo ufunge.

Mtungi wa gesi uweke nje ya ukuta, kwenye kizimba chenye uwazi chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, na dirisha la juu halisaidii.

Makaratasi baada ya hapo ni mepesi: kila anayegusa chakula apimwe afya na awe na cheti kisichopitwa na wakati, jina la biashara lisajiliwe BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali), mlipakodi aandikishwe ZRA (mamlaka ya mapato), leseni ya biashara itoke barazani kwenu, mahali na bidhaa zilizofungwa zisajiliwe ZFDA. Alama ya ubora ya ZBS, taasisi ya viwango, ni jambo jengine, inakuja baada ya sampuli kupimwa maabara. Kila malipo dai namba ya malipo ya Serikali na uhifadhi risiti. Anayekwambia umpe mkononi "akufanyie haraka" hakusaidii.

Nina nyumba ya Wakfu Kiponda, ghorofa ya chini. Nataka kuweka tanuri uani na kufungua dirisha la kuuzia mkate wa mofa na boflo upande wa mtaani. Je, inawezekana?
*Kijana wa Mji Mkongwe*

Unao wakubwa wawili wa kuwauliza kabla ya hao wa chakula. Wa kwanza ni Kamisheni ya Wakfu, maana wewe ni mpangaji na ukuta si wako. Wa pili ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kugusa mlango, dirisha, baraza au hata kuning'iniza kibao cha biashara kunataka kibali chao. Usivunje ukuta kwa matumaini ya kuomba radhi baadaye.

Sisi tungekushauri uliache dirisha. Uza kupitia mlango uliopo, na meza ikae ndani ya kizingiti, njia ya waendao kwa miguu ibaki wazi.

Kuhusu tanuri, fikiria nyumba yenyewe. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti. Moto wa kuni kila siku unakausha boriti za juu yake na moshi hauna pa kwenda kwenye ua uliozungukwa na ghorofa tatu. Usijaribu kuziba nyufa kwa saruji: chokaa inapumua, saruji inafungia unyevu ndani na lipu inamenyuka. Oveni ya umeme ndiyo nyepesi kuombea ruhusa. Ya kilowati 6 inavuta karibu ampea 26 peke yake, kwa hiyo iwe na waya wake kutoka kwenye ubao wa fyuzi, uliofungwa na fundi mwenye leseni. Usiichomeke kwenye soketi ya friji.

Mikate yangu inaota ukungu siku ya tatu ndani ya mfuko, na mwenye duka anarudisha. Wenzangu wameandika "siku 7" kwenye lebo. Na mimi niandike hivyo? Na lebo iwe na nini hasa?
*Muoka mikate, Wete*

Usiandike siku ambazo mkate wako haujazifikia. Tafuta kwanza ukungu unatoka wapi. Mbegu zake zinakufa ndani ya oveni. Unaouona siku ya tatu umeingia baadaye, kwa meza, kisu, mikono au upepo, na unyevu ndio uliouotesha. Jaribu hili: funga mkate mmoja ukiwa vuguvugu, uangalie mfuko baada ya nusu saa. Utaona matone upande wa ndani. Hayo matone ndiyo bustani ya ukungu. Nje mkate unaweza kuwa umepoa na kiini bado kina moto. Boflo la gramu 400 lipe saa mbili au zaidi juu ya waya, si juu ya meza tupu, na ukiwa na kipimajoto funga kiini kikishuka chini ya digrii 35.

Kama kiini kinanata, kinavutika nyuzi unapouvunja na kunuka kama nanasi lililooza, huo si ukungu. Ni bakteria ambao mbegu zao huvumilia oveni, kwa sababu kiini hakifiki digrii 100. Badilisha unga, sugua chombo na meza kwa siki, na tia kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila kilo ya unga. Ukichagua dawa ya kuzuia ukungu, kalisiamu propioneti, kiasi ni gramu 2 hadi 3 kwa kilo ya unga, kwa mizani. Ukizidisha, hamira inazembea na mkate unanuka. Na lazima itajwe kwenye lebo.

Siku za kuandika zipime hivi: katika uokaji wa kawaida weka pembeni mikate kumi, kwenye rafu kama ya dukani, usiitie friji. Fungua mmoja kila siku na uandike siku ya doa la kwanza. Rudia mara tatu, moja iwe wakati wa masika, maana Pemba ya Aprili si Pemba ya Januari. Chukua jibu baya kuliko yote, punguza siku moja. Likitoka nne, andika nne.

Lebo: jina la bidhaa, viambato kwa mpangilio wa wingi, kilicho kingi mwanzo, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo (ya mkupuo uliookwa pamoja), jina na anwani ya mtengenezaji, namna ya kuhifadhi. Ngano, maziwa, mayai, njugu na ufuta vitajwe waziwazi kwa ajili ya wenye mzio. Uzito ni wa mkate uliopoa: donge linapoteza kama asilimia 12 motoni, basi kwa gramu 400 pima donge la gramu 460.

Mimi sina duka, napokea oda za keki za Sikukuu kwa WhatsApp tu, Chake Chake. Nahitaji kibali?
*Bi Keki*

Ndiyo. Simu ni njia ya kupata mteja. Chakula bado kinapikwa mahali na kinaliwa na watu. Utaratibu wa Fuoni hapo juu unakuhusu, ila kwako ni Baraza la Mji Chake Chake.

Lakini kwa keki za Sikukuu hofu yetu kubwa ni krimu na kastadi. Keki iliyopambwa kwa krimu ya maziwa isikae zaidi ya saa mbili nje ya friji, na kwa joto la huku saa moja ndiyo salama. Usiipambe usiku wa kuamkia Idi na kuiacha mezani hadi saa nne asubuhi. Ioke mapema, ipambe karibu na kuichukua, ipeleke kwenye sanduku lenye barafu, na mwambie mteja kwa maneno yako mwenyewe saa ya mwisho ya kuila. Friji ikikatika umeme usiku kucha, hiyo krimu imwage.