Bhai Mardana kila safari ana njaa, alikuwa na imani kweli?

SWALI: Sat Sri Akal Giani ji, mwalimu wetu wa dini. Watoto ninaowafundisha gurdwara, hekalu letu Masikh, wameniuliza, mbona Bhai Mardana, yule mwenzake Guru Nanak safarini, kwenye sakhi, zile hadithi za maisha ya Guru, kila saa ana njaa ama kiu, tena alizaliwa Muislamu, sasa tunamheshimu kwa lipi?

JIBU: Sat Sri Akal mwanangu. Swali zuri sana hilo, usiwanyamazishe.

Mardana alizaliwa 1459 Talwandi, siku hizi ni Nankana Sahib huko Pakistan, familia ya Mirasi, yaani Waislamu wapiga muziki waliokuwa wanawaimbia wakubwa kwenye masherehe ndo wapate riziki, watu waliodharauliwa. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, kazaliwa hapo hapo 1469, kwa hiyo Mardana ndo mkubwa kwa miaka kama kumi, na huyu mtu mzima mwenye familia akabeba rababu yake, kile chombo cha nyuzi, akamfuata huyo aliyemzidi umri kwa mguu miaka na miaka hadi Baghdad, Bhai Gurdas, mshairi wetu wa zamani, ameandika kabisa kwamba huko walifika Baba, yaani Guru Nanak, na mpiga rababu wake.

Sasa hiyo njaa. Guru akisema "Mardana, piga rababu, bani inakuja", yaani utenzi mtakatifu, anapiga, kashiba hajashiba. Na jamani, njaa yako si unamwambia yule unayemwamini? Chukua ile sakhi ya mji wa Hasan Abdal, kiu imemshika Mardana, Guru anamwambia juu kilimani kuna Wali Kandhari, mcha Mungu wa Kiislamu, ana maji, kamwombe. Akapanda akanyimwa. Akashuka, akatumwa tena, akanyimwa tena, akatumwa mara ya tatu na akapanda vilevile, koo limekauka na anajua fika atajibiwa nini. Aliposhuka kaanguka miguuni pa Guru hoi, ndo Guru akasogeza jiwe maji yakabubujika, hapo ndipo ilipo gurdwara ya Panja Sahib. Waulize hao watoto, asiye na imani angepanda mara ya tatu?

Habari ya Uislamu isiwasumbue kabisa. Marababi Waislamu, yaani wapiga rababu, wameimba kirtan, nyimbo zetu za ibada, Harmandir Sahib, lile Hekalu la Dhahabu pale Amritsar, vizazi na vizazi mpaka 1947 India ilipogawanywa, wakalazimika kwenda Pakistan, na mimi naona tulipoteza kitu kikubwa mno siku hizo.

Wale wakubwa wanaojua kusoma Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, wafungulie Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, ukurasa wa 553, sehemu ya Bihagre ki Var, wasome wenyewe shaloku, yaani beti, zenye jina la Mardana, zinaongelea ulevi wa tamaa na kiburi. Jina la Mirasi wa Talwandi limo humo humo kwenye Granth tunayoiinamia kila siku.