Chungu cha mawe, bakuli la mawe au bakuli la jiwe?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Nakuru, naandaa maelezo ya ziara ya wanafunzi Hyrax Hill, kilima chenye makaburi ya kale. Vyombo walivyowekewa wafu wa kale kaburini nimevikuta vikiitwa "vyungu vya mawe", kwingine "mabakuli ya mawe". Nifuate lipi? Na wale wafu wa pango la Mto Njoro waliochomwa moto, je, nao niseme "walizikwa"?

JIBU: Chungu kiache, Mwalimu. Chungu hufinyangwa kwa udongo, kikachomwa. Vyombo unavyovisema vilichongwa, na mtu hachongi chungu. Wapo wanaovipa jina la kinu, kwa sababu baadhi vimekutwa pamoja na michi. Mimi nasita: ukitaja kinu, mwanafunzi ataona gogo la kutwangia mpunga, lenye kimo cha kumfika magotini au zaidi.

Bakuli linafaa, ila angalia kinachofuata. "Bakuli la mawe" ni kama "bakuli la wali": anayesoma haraka atadhani limejazwa kokoto. Nyumba ni ya mawe kwa kuwa mawe yake ni mengi. Chombo hiki kimetoka katika jiwe moja, basi ni bakuli la jiwe. Kwa wingi, mabakuli ya mawe hayana ubaya, maana kila moja lina jiwe lake. Zile za bapa zilizokutwa Hyrax Hill katika makaburi ya wanawake, ziite sahani za jiwe.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha kitako. Katika pango la Mto Njoro, ambalo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938, kulikuwa na mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa miaka 3,000 hivi iliyopita. Waliwekewa mabakuli ya jiwe, mawe ya kusagia, michi, na shanga za mawe. Kuzika kwetu ni kumtia maiti kaburini, kwa hiyo hapo "walizikwa" peke yake itamficha msomaji ule moto. Lakini "mazishi" ni pana zaidi, nayo hubeba shughuli nzima ya kumsitiri marehemu, hata Wahindu wanaochoma maiti wao twasema wana mazishi. Andika: "Katika mazishi yao maiti walichomwa, wakawekewa mabakuli ya jiwe." Na tafadhali usiandike "walifukiwa". Kinachofukiwa ni mbegu, takataka na mzoga.