Roki bila gitaa: sikiliza besi kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kuwa alikuwepo ukumbini tulipoimba "Somebody to Love" ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, kwa sauti tupu, bila hata kinanda. Aliona watu wanasimama na kushangilia, ila yeye hakuelewa utamu uko wapi. Akaniomba nimweleze.

Dada, umeuliza kwa adabu. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa kwa kejeli, mbele ya wenzangu, na mwalimu wa kwaya niliyoipa ujana wangu. Alisema roki bila gitaa ni makelele, tena makelele ya kidunia. Tuliondoka watano. Sitaficha, mpaka leo linaniuma, na ndiyo maana siku ile ukumbi uliposimama nilishindwa kuyazuia machozi.

Sasa tuuangalie wimbo wenyewe. Queen waliutoa mwaka 1976. Aliyeutunga ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara. Alikuwa akimpenda mno Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, na wimbo huu umejaa mtindo wa muziki wa injili wa huko. Ile kwaya kubwa unayoisikia ni watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliorekodi sauti zao moja juu ya nyingine mpaka zikajaa. Karibu na mwisho ala zinanyamaza, sauti zinaanzia chini na kupanda kidogo kidogo. Akapela, yaani kuimba bila ala, imo ndani ya roki yenyewe! Anayesema tumeiharibu hajawahi kuisikiliza.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: fuata besi, ile sauti ya chini kabisa. Mimi ndiye ninayeiimba, kwa hiyo nasema ninachokijua. Gitaa la besi halipumui. Linaweza kutembea tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho bila kupumzika, lakini mtu lazima avute pumzi. Anayepanga sauti hana budi kuamua besi atapumulia wapi, na pengo lile nani atalifunika, sauti ya tena (ya kiume ya juu) au ya alto (ya kike ya chini). Hapo ndipo wimbo wa zamani unapogeuka kuwa mpya. Sisi tulibishana jioni nyingi juu ya pengo moja tu. Ukishalisikia mara moja, hutaweza tena kuusikiliza wimbo huo kama zamani.

Halafu angalia gitaa limefanywa nini. Wapo wanaoliiga. Van Canto wa Ujerumani wanaimba metali, yaani roki nzito, kwa silabi ngumu za kukatakata, mdomo ukifanya kazi ya gitaa, ingawa ngoma wameziacha za kweli. Petra Haden, Mmarekani, alikwenda mbali zaidi: mwaka 2005 alitoa albamu nzima ya The Who, bendi ya roki ya Uingereza, ya mwaka 1967, peke yake, sauti juu ya sauti, magitaa na hata yale matangazo ya redio yaliyokuwemo. Wengine hawaigi, wanaigawa sehemu ya gitaa kama kwaya inavyogawa wimbo wa tenzi. Mimi napenda njia hii ya pili, na sioni haya kusema ndiyo ngumu zaidi. Kuiga kunashangaza mara ya kwanza, lakini kugawa vizuri utakurudia kila mwaka.

Wengi wenu mmeanzia kwa Pentatonix, kikundi cha akapela cha Marekani, na si vibaya. Ila mkimaliza kushangilia bitiboksi, zile ngoma za mdomo, rudini kwenye besi. Narudia, besi. Acheni tabia ya kusikiliza wimbo nusu dakika, kisha kuhukumu. Masikio hufunzwa, ndugu zangu, na yanafunzwa kwa kurudia. Vaa visikilizio, acha kutazama video, fuata sauti moja tu mpaka mwisho, kisha anza upya na nyingine.

Na kama mna kikundi, shusheni ufunguo, yaani wimbo wote uimbeni chini kidogo. Mercury alikuwa na koo lake, nanyi mna makoo yenu. Sisi tuliushusha, na mwimbaji wetu wa sauti ya tena akauimba wote bila kukaza shingo. Wale mliobaki kwenye kwaya ile, mnaonipigia usiku kuomba solfa za wimbo huu, nitawatumia sauti zote nne. Sihitaji malipo.